Mambo ya Jikoni: Tambi za Maziwa kwa Jioni Yenye Haraka

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya saa moja jioni. Saa hiyo yajulikana sana katika kila nyumba ambamo baba na mama wote wawili hufanya kazi ya kutwa, na zaidi katika nyumba za waalimu. Mama arudi jua limekwisha kuchwa, mkononi ana madaftari ya kusahihisha, jiko halijawashwa, maharage yangali katika mfuko, wala hakuna aliyeyaloweka asubuhi. Nayo maharage makavu yasiyolowekwa hutaka saa mbili motoni, pengine zaidi. Mtoto mdogo hawezi kungoja saa mbili. Hujilaza mkekani, na sahani yake ni tupu; akiamshwa kula, hula matonge mawili huku akisinzia, kisha hulala tena; na kesho yake hukaa darasani hana nguvu, na mwalimu wake humdhania kuwa ni mvivu.

Jambo hili si dogo. Nyumba ambayo watoto wake hulala kabla ya chakula kuiva, siku tatu katika juma, ni nyumba yenye njaa, hata ikiwa ghala lake limejaa. Wako wanaopona kwa andazi na chai, na wako wanaotuma mtoto dukani kununua viazi vya kukaanga. Hatuwalaumu, kwa maana siku nyingine hapana njia nyingine. Walakini fedha hutoka, tumbo hujaa, na mwili haupati kinachoutosha.

Kwa hiyo tumechagua chakula kimoja kinachoweza kupikwa upesi, kilicho kitamu, kisicho na nyama, tena chenye nguvu ya kweli. Nacho ni tambi za mchuzi mzito wa maziwa, pamoja na mchicha na njegere. Mwenye majiko mawili atapakua baada ya nusu saa; mwenye jiko moja la mkaa atahitaji dakika 40 hivi. Kabla hatujafika kwenye sufuria, yafaa tujue kwanza tambi ni nini na zimetoka wapi, maana apikaye kitu asichokijua hupika kwa kubahatisha.

Asili ya tambi

Watu wengi wamesikia kwamba tambi zililetwa Italia kutoka China na msafiri Marco Polo. Habari hiyo yapendeza, lakini si kweli. Marco Polo alirudi kwao Venice mwaka 1295. Nazo tambi zilikuwa zikitengenezwa katika kisiwa cha Sicily zaidi ya miaka 100 kabla yake. Twajua hivyo kwa sababu bwana al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyemtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika mwaka 1154 juu ya mji wa Trabia, karibu na Palermo. Alisema kwamba huko hutengenezwa tambi kwa wingi, nazo hupakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo pia. Basi tangu zamani hizo tambi zilikuwa chakula cha safari na cha akiba: kikavu, chepesi kubeba, kisichooza upesi.

Tambi nzuri za kukauka hutengenezwa kwa vitu viwili tu, yaani maji na chenga za ngano ngumu. Ngano ngumu ni aina mbali na ile inayotupa unga wa mikate na chapati. Punje zake ni za rangi ya kaharabu, na unga wake ni wa chengachenga. Utomvu wake hushikamana sana, hata tambi ikichemshwa haivurugiki ikawa uji. Ndiyo sababu sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliagiza kwamba tambi kavu zinazotengenezwa nchini humo ziwe za ngano ngumu. Basi ninyi mnaonunua dukani, someni maandishi ya pakiti. Tambi za ngano laini zaliwa pia, tena ni rahisi kwa bei; lakini hutaka kuangaliwa sana, maana zikipita dakika mbili tu hulegea zote.

Hapa kwetu tambi si wageni. Watu wa pwani huzipika tangu zamani kwa tui la nazi, sukari na iliki, nazo hupendwa sana wakati wa futari. Huko Somalia, ambako Waitalia walikaa miaka mingi, tambi zaitwa baasto, nazo ni chakula cha kawaida katika nyumba za mijini. Katika Eritrea na Ethiopia vilevile watu hula tambi katika hoteli ndogo na nyumbani mwao. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba chakula hiki ni cha wageni tu. Kimekwisha kuketi nasi.

Mchuzi mzito na siri yake

Kati ya vyakula vyote vya tambi vyenye mchuzi mzito, kimoja kimevuma kuliko vingine, nacho kimechukua jina la mpishi wa Roma, Alfredo di Lelio. Yasimuliwa kwamba mwaka 1908 mkewe Ines alijifungua mtoto wa kiume, akabaki dhaifu na bila hamu ya chakula. Mumewe akampikia tambi pana, akazichanganya na siagi nyingi na jibini iliyokunwa, basi, hapana kingine. Mama yule akala, akapata nguvu. Baadaye Alfredo alifungua hoteli yake ya chakula, akawa akiwapa wageni tambi zizo hizo. Mwaka 1920 walikuja waigizaji wawili mashuhuri wa sinema wa Marekani, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, waliokuwa katika safari ya arusi yao. Wakazipenda mno, na mwaka 1927 wakampelekea Alfredo uma na kijiko cha dhahabu. Hivyo jina lake likavuka bahari. Na huko Marekani wapishi wakaongeza krimu ya maziwa, ambayo Alfredo mwenyewe hakuitia.

Hapo ndipo wengi huuliza: ikiwa hakutia krimu, mchuzi wake ulikuwaje mzito? Siri iko katika maji yaliyochemshia tambi. Tambi zikichemka hutoa wanga wake kidogo katika maji, na maji yale huwa meupe kama ya mchele. Siagi na maji havipatani, kila mtu ajua. Lakini wanga ukiingia kati yao huvishikanisha, kama msuluhishi kati ya majirani wawili. Nayo jibini, ikiingia katika maji yenye wanga wa kutosha, huyeyuka polepole ikawa laini. Ikiingia katika maji matupu yaliyo moto sana, hujikunja ikawa mabonge yenye kunata, na chakula chote huharibika. Mwaka 2025 wataalamu wa fizikia wa Italia walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili, wakaonyesha kwamba wanga ukiwa chini ya sehemu 1 katika 100 ya uzito wa jibini, mabonge hayana budi kutokea. Bali ukiwa sehemu 2 au 3 katika 100, mchuzi hutulia. Basi ninyi mnaomwaga maji ya tambi yote mara moja, mwamwaga nusu ya mchuzi wenu. Wekeni vikombe viwili kando kabla ya kuchuja.

Vitu vinavyotakiwa

Jibini nyingi ni ghali, wala si kila duka la kijijini lina jibini. Kwa hiyo twawapa njia ambayo uzito wa mchuzi hutoka katika maziwa na unga, nayo jibini ikawa nyongeza tu kwa aliye nayo. Mchuzi wa namna hii hauna hila, wala haukatiki upesi. Kwa watu watano twaeni vitu hivi:

Tambi kavu gramu 500, nyembamba ndefu au makaroni, zote zafaa.
Maziwa nusu lita. Yakiwa mabichi kutoka kwa ng'ombe, yachemsheni kwanza.
Siagi vijiko 4 vya chakula. Mwenye samli na atumie samli, vijiko 3.
Unga wa ngano vijiko 4 vya chakula, vilivyosawazishwa.
Kitunguu kimoja, na punje 2 za kitunguu saumu.
Mchicha mafungu 2, uliooshwa na kukatwakatwa.
Njegere mbichi zilizomenywa, gramu 200, yaani kikombe kimoja na zaidi kidogo.
Jibini gramu 100, iliyokunwa, kwa aliye nayo.
Chumvi, pilipili manga, na kungumanga kidogo sana ya kukuna.

Namna ya kupika

Kwanza, tayarisheni kila kitu kabla ya kuwasha moto. Kitunguu kimekatwa, mchicha umeoshwa, unga umepimwa, maziwa yako karibu. Haraka ya jikoni haitoki katika mikono inayokimbia, bali katika vitu vilivyowekwa mahali pake.

Pili, wekeni maji lita 3 motoni katika sufuria kubwa, na kifuniko juu. Desturi ya Waitalia ni lita moja kwa kila gramu 100 za tambi, lakini kwa mtu anayenunua mkaa kwa kopo hiyo ni hasara. Lita 3 zatosha, maadamu mpishi akumbuka kukoroga katika dakika mbili za kwanza, wakati tambi zinapotaka kushikana. Maji yakianza kuchemka tieni chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chakula.

Tatu, maji yangali yakipata moto, katika sufuria ya pili yeyusheni siagi kwa moto wa kadiri. Tieni kitunguu, kiive hata kilainike pasipo kubadilika rangi, kisha kitunguu saumu kwa nusu dakika. Nyunyizeni unga juu yake, mkoroge kwa mwiko dakika mbili. Unga usiwe wa kahawia. Twataka tu kuuondolea ladha ya ubichi.

Nne, tieni maziwa kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea. Mimineni kwanza kiasi cha kikombe cha kahawa, mkoroge kwa nguvu mpaka unga na maziwa vimekuwa kitu kimoja kama kinyunya. Kisha mwongeze kidogo tena, mkoroge tena. Na hivyo hivyo mpaka maziwa yote yameingia. Mkimwaga yote mara moja, unga hufanya madonge. Likitokea donge, ondoeni sufuria motoni, mlisage kwa mgongo wa mwiko pembeni mwa sufuria kabla hamjaongeza maziwa mengine. Mchuzi ukianza kuchemka, punguzeni moto, uendelee taratibu dakika 5 huku mkikoroga chini kabisa, maana maziwa hupenda kuungua chini wakati mpishi anapotazama dirishani. Tieni chumvi kidogo, pilipili manga na kungumanga.

Tano, maji yakichemka kwa nguvu tieni tambi. Tazameni dakika zilizoandikwa juu ya pakiti. Kwa tambi ndefu nyembamba mara nyingi ni 8 mpaka 10. Zikibaki dakika 5, mwageni njegere katika sufuria iyo hiyo. Ikibaki dakika moja, tieni mchicha nao. Hivyo moto mmoja wapika vitu vitatu. Onjeni tambi moja. Isiwe na unga mweupe katikati, wala isiwe imelegea; iwe laini, na jino lipate kuitambua.

Sita, chukueni vikombe viwili vya maji yale meupe mkayaweke kando, kisha chujeni. Rudisheni tambi pamoja na mboga katika sufuria, mimineni mchuzi juu yake, na kikombe kimoja cha maji ya tambi. Geuzeni kwa uma mbili au kwa mwiko kwa muda wa dakika moja. Mwanzoni itaonekana kama mchuzi ni mwepesi mno. Msiogope, tambi hunywa, na kabla hamjafika mezani utakuwa umeshikamana. Ondoeni sufuria motoni kwanza, ndipo mtie jibini, mkigeuza. Ikiwa chakula kimekuwa kizito kupita kiasi, ongezeni maji yale ya tambi kidogo. Pakueni mara moja, kwa maana tambi za maziwa hazimngoji mtu anayeoga.

Mwenye jiko moja na abadili mpango: apike mchuzi kwanza, aufunike na kuuweka kando, kisha achemshe maji. Mchuzi ukifanya ngozi juu, kijiko kimoja cha maji ya tambi na mkorogo mmoja vyatosha kuuamsha.

Kupunguza mkaa

Kuna jambo jingine la kuwafaa wale ambao kuni au gesi huwala fedha nyingi. Tambi hazihitaji maji yanayotokota mpaka mwisho; zahitaji maji yaliyo moto sana. Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda mno katika Ulaya, Profesa Giorgio Parisi wa Roma, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, aliwatangazia watu shauri hili: tia tambi katika maji yanayochemka, acha dakika mbili, kisha funika sufuria na uzime moto. Wapishi wengine wa hoteli kubwa walilipinga, wakasema tambi zitakuwa kama mpira. Lakini katika sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana vema, shauri hili lafaa, hasa kwa makaroni. Ongezeni dakika moja au mbili juu ya muda ulioandikwa, wala msifunue sufuria kila mara kuchungulia, maana kila mchungulio hutoa joto nje. Njegere zitieni mwanzoni pamoja na tambi. Wenye kapu la kuhifadhia joto wameshajua kanuni hii katika kupika wali.

Kwa wasiotumia maziwa

Nyumba nyingine hazina maziwa, na watu wengine maziwa huwasumbua tumbo. Tena wako Wakristo ambao siku zao za kufunga haziruhusu maziwa wala mayai, kama walivyo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia. Kwa hao tui la nazi ndilo jibu, wala si jibu la unyonge. Kuneni nazi moja kubwa, mkamue tui zito kikombe kimoja na tui jepesi vikombe viwili. Kaangeni kitunguu, kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi katika mafuta. Tieni tui jepesi, lichemke mpaka limepungua nusu. Ndipo mtie tui zito, na tangu hapo mkoroge bila kuacha kwa moto mdogo, maana likitokota kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Likipata moto na kuanza kusisimka tu, ondoeni, mtie tambi pamoja na nusu kikombe cha maji yake. Mkitaka ndimu, kamueni juu ya sahani, kamwe si katika sufuria.

Lakini angalieni: tui lina mafuta mengi, na utomvu wa kujenga mwili ni haba ndani yake. Kwa hiyo anayepika kwa tui na aongeze njegere ziwe mara mbili, au atie njugu zilizokaangwa na kupondwa, kiganja kimoja kwa kila mtu.

Je, chakula hiki chatosha bila nyama?

Swali hili huulizwa sana, hasa katika Kwaresima, ambapo nyumba nyingi huacha nyama kwa majuma kadhaa, na pia katika miezi ile ambayo mshahara umekwisha kabla ya mwezi. Basi tuhesabu. Gramu 100 za tambi kavu zina utomvu wa kujenga mwili, yaani protini, gramu 12 hivi. Katika sufuria yetu ya watu watano, tambi zatupa gramu 60 hivi, maziwa gramu 16, njegere gramu 10, na jibini gramu 25 hivi. Jumla ni kadiri ya gramu 111, na kila mlaji apata gramu 22. Asiye na jibini atapata gramu 17 hivi. Hicho ni chakula, si kitu cha kudanganyia tumbo. Bali yule apikaye tambi kwa mafuta na chumvi tu huwapa watoto wake wanga, na watoto wataomba chakula tena usiku.

Mchicha nao una madini ya chuma, lakini chuma cha mboga hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama. Vitu vyenye vitamini C hukisaidia kuingia. Kwa hiyo gawanyeni machungwa mezani baada ya chakula, au pera, au kipande cha embe. Chai ya rangi na ingoje saa moja, kwa maana huzuia chuma kile.

Neno moja zaidi kwa wale walioweka nadhiri au desturi ya kutokula kabisa kitu cha mnyama aliyechinjwa. Jibini nyingine hugandishwa kwa dawa itokayo katika tumbo la ndama. Jibini maarufu ya Parma na Reggio Emilia huko Italia ni ya namna hiyo, na kanuni zake haziruhusu dawa nyingine. Ziko jibini zinazogandishwa kwa dawa ya vijidudu au ya mimea, na mara nyingi maandishi ya pakiti hueleza. Mwenye kujali jambo hili na asome, wala asione haya kumwuliza mwenye duka.

Mabaki

Chakula chenye maziwa hakikai katika joto letu. Kikibaki, kipozwe na kuwekwa katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, nacho kiliwe kesho yake. Kukipasha moto tieni maziwa au maji kidogo, maana usiku kucha tambi zimekunywa mchuzi wote. Nyumba isiyo na jokofu na ipike kadiri ya walaji waliopo. Gramu 100 za tambi kavu ni za mtu mzima mmoja mwenye njaa. Mtoto wa miaka mitano nusu yake yamtosha.

Nani apike?

Twamaliza kwa neno ambalo huenda baba wengine wasilipende, lakini twalisema kwa upendo. Chakula hiki hakina siri ya kike. Hakina ugali wa kusonga kwa nguvu, wala nazi ya kukuna kwa yule aliye na maziwa. Kina hatua sita, na kila hatua ina dakika zake. Baba ajuaye kusoma saa na kupima kijiko aweza kukipika. Kijana wa miaka 12 aweza pia, mkubwa akisimama karibu wakati wa kuchuja maji ya moto, maana hapo ndipo palipo hatari. Alfredo wa Roma hakungoja mkewe anyanyuke kitandani ili ampikie yeye. Alishika sufuria mwenyewe.

Katika nyumba ambamo mama peke yake ndiye ajuaye kupika, siku mama akichelewa, nyumba nzima hulala njaa. Katika nyumba ambamo watatu wajua, yule awahiye kufika ndiye awashaye moto. Basi, wekeni pakiti mbili za tambi katika kabati, msiziguse ila kwa jioni za namna hiyo. Wafundisheni wana na binti pamoja, Jumamosi moja wakati hamna haraka, ili siku ya haraka mikono yao iwe imekwisha kujua. Nanyi waalimu wa shule za bweni, jaribuni na wanafunzi wenu wa darasa la upishi, kila kikundi na sufuria yake. Wataelewa habari ya wanga na siagi upesi kuliko ubaoni.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya kuloweka maharage asubuhi, na jinsi ya kuyapika kwa nusu ya kuni mnazotumia sasa. Hata wakati huo, kaeni salama, na watoto wenu wale kabla ya kulala.